Mizinga ya Kumfukuza Mzazi

Nilifika Pontianak siku mbili kabla ya Idi, mwendo wa ndege wa kama saa moja na nusu kutoka Jakarta. Mji uko magharibi mwa Kalimantan, kisiwani Borneo, na ikweta inaupitia. Wageni wengi huenda kupiga picha kwenye mnara wa ikweta uliojengwa mwaka 1928. Nami nilipita pale, sikukaa. Mimi nilikuwa nimefuata jina.

Pontianak ni mwanamke aliyekufa na mimba au akijifungua, kisha akarudi. Kwa Kiindonesia humwita pia kuntilanak. Amevaa nyeupe, nywele zimemwagika mgongoni, na makazi yake ni migombani. Kwanza hunukia maua, ndipo kilio cha kitoto kinasikika. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima niliyemwita Ibu kama walivyomwita wote, alinieleza huku mwanawe akitafsiri: sauti ikiwa kubwa, yuko mbali. Ikififia, yuko nyuma yako. Alisema hayo akifunga dirisha, na magharibi ilikuwa haijaingia sawasawa.

Asubuhi yake nilivuka mto Kapuas kwa sampan, mtumbwi wa mbao wa hapo, hadi unapopokea maji ya mto Landak. Hapo ndipo Syarif Abdurrahman Alkadrie, mwanzilishi wa mji, alipofika mwaka 1771 na mashua zake. Hadithi ya mji inasema usiku hakukulalika kwa sauti za hao wanawake msituni, akaamuru mizinga ipigwe. Palipoangukia risasi pakajengwa msikiti na jumba la Kadriah, na vyote viwili vipo mpaka leo. Baba yake Abdurrahman alikuwa mwanachuoni kutoka Hadhramaut, Yemen. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nimekua na majirani wa asili hiyo hiyo, kwa hiyo nilipokanyaga sakafu ya msikiti ule wa mbao ngumu ya belian, maji yakigonga karibu, sikujihisi mgeni hata kidogo. Nilisali adhuhuri nikakaa sana.

Kilichonikaa moyoni ni namna walivyomzika. Wamalay wa zamani, mwanamke akifa na uzazi, walimtia shanga za kioo mdomoni asipige kelele, mayai makwapani na sindano viganjani asije akaruka. Shangazi yangu alifariki akijifungua. Bibi alituambia tusilie kwa kelele kwa sababu kafa shahidi, na ndivyo Mtume alivyosema. Dini ni moja, bahari ni moja, lakini huku maiti kama ya shangazi ilichomwa sindano. Nilikasirika, nakiri. Nilimuuliza Ibu: amewakosea nini?

Ibu hakunijibu moja kwa moja. Alinipeleka kwa mjukuu wake wa wiki tatu, akainua ncha ya mto. Mkasi. Nikamwambia bibi yangu aliweka kisu, na mzazi hakuachwa peke yake hata usiku mmoja mpaka arobaini itimie. Akanishika mkono. "Sisi tulikuwa na woga," alisema kupitia mwanawe. "Walikufa wengi."

Usiku wa kuamkia Idi kingo zote mbili za Kapuas zilitikisika. Mizinga yenyewe ni magogo marefu kupita mita tano, yamepasuliwa, yakachimbwa ndani, yakaunganishwa tena na kufungwa, kisha yakapakwa rangi za kupendeza. Hutia maji na kabidi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma, wakaziba wakangoja gesi ijae, halafu moto kwenye tundu. Mlio unaupata kifuani kabla ya masikioni. Watoto walishangilia kila mmoja ulipolia, na mimi pia nilishangilia mwanzoni. Kisha nikakumbuka mizinga ya kwanza ilimlenga nani, nikanyamaza.

Tuliporudi, uani palinukia ile miti ya maua meupe ambayo huko hupandwa makaburini. Niliogopa, mwili wote ukanisisimka. Nikasimama pale pale nikainua mikono, nikaanza Fatiha, ya shangazi kwanza, halafu ya mwenye mji.

Ibu akasogea akasimama kando yangu, naye kainua mikono. Akauliza shangazi aliitwa nani.

Nikamtajia. Ng'ambo ya mto mzinga mwingine ukalia.