Temeke kabla ya Mbagala: kumbukumbu ya kumfundisha mpwa wangu kusoma

Wiki ya kwanza. Mpwa wangu ana miaka 14, ana usonji, na kila mtu hapa nyumbani Dar es Salaam aliamini kwamba walau anasoma vibao vya daladala, kwa kuwa gari likichomoza mbali husema "Mbagala" au "Temeke" kabla konda hajafungua mdomo, wala hakosei. Niliyaandika majina hayo kwa wino mweusi kwenye vipande vya boksi. Hakutambua hata moja. Nilipomwuliza mara ya tatu alivichana vyote, akaanza kujipiga kichwani. Kosa lilikuwa langu, maana alikuwa ameshaanza kutafuna ukosi wa shati, na dada alikwishanionya kwamba hiyo ndiyo dalili ya kuacha.

Wiki ya tatu. Kumbe alichokuwa akisoma ni rangi ya mkanda uliopakwa kwenye bodi la gari kuonyesha njia yake. Sikuona sababu ya kuidharau elimu hiyo, hivyo kila kadi mpya nimeipaka mkanda wake, nami nitaupunguza upana kidogo kidogo mpaka zibaki herufi tupu. Vitabu vya darasa la kwanza tulivijaribu siku moja tu: silabi zake ndizo ninazozihitaji, lakini picha ni za watoto wadogo, naye ameshaanza kuota sharubu. "Cha mtoto," alisema, akanirudishia.

Tumeanza na Temeke kwa sababu irabu yake ni moja, te-me-ke. Mbagala nayo ina irabu moja, ila ule mwanzo wa konsonanti mbili ulimkwamisha, nami nikaiweka kando kabla hajaugusa ukosi.

Wiki ya tisa. Tunasoma dakika kumi tu, baada ya chai ya jioni, kwenye kiti kilekile. Mikanda ya rangi imekwisha, na kadi nimezikata silabi silabi. Jana alipanga "keteme", akacheka peke yake, kisha akaiondoa me na kuzikazia macho silabi zilizobaki. "Ke. Te." Akanyamaza. "Kete!" Hakuna daladala yenye jina hilo. Aliinuka, akaenda barazani kwenye ubao wa drafti, akarudi na kizibo cha soda, akakiweka juu ya kadi.

Mba bado inamshinda. Kesho nitajaribu ba peke yake.