Bomu la D.Va limeanza kuua: kumbukumbu ya King's Row

Limeua watatu jana usiku, na si kwenye mazoezi. Nazungumzia Overwatch, gemu la timu la kufyatuliana risasi, na D.Va, mhusika ninayemcheza, ambaye ulti yake (shambulio kuu linalojijaza polepole) ni kuigeuza roboti anayoiendesha kuwa bomu. Mechi ya ushindani, ramani ya King's Row, sisi tunashambulia kituo cha kwanza, wao wamejibanza kati ya sanamu na hoteli. Bomu likatokea juu ya paa, likashuka, likapasuka kabla halijagusa chini. Ana, Cassidy na Kiriko, wahusika wa upande wao, chali. Kiriko ndiye aliyenipa raha kuliko wote, maana ile suzu yake, hirizi ya kuwakinga wenzake, imeshaniharibia mabomu mengi mno. Reinhardt wao alisalimika nyuma ya ngao, na huyo sina ugomvi naye.

Kwa nini nahangaika na D.Va badala ya Cassidy au Widowmaker kama watu wengine? Pingi, yaani ucheleweshaji kati ya kompyuta yangu na seva. Niko Mombasa. Kebo za baharini zinatua hapa hapa kwetu, lakini seva ninazopangiwa ziko ng'ambo, na siku ikiwa njema naona milisekunde 150 hivi. Ukishindana kwa wepesi wa kidole na mtu anayecheza kwa 20, unajitafutia presha. Bomu halijali pingi. Ukishabonyeza, ni sekunde 3 kwako na kwake. (Gemu lilipotoka 2016 zilikuwa 4, na bomu lilikuwa linamuua hata D.Va mwenyewe. Sijui watu walivumiliaje hadi lilipobadilishwa Julai ile.)

Shida ni kwamba sekunde 3 ni nyingi. Ukiliacha bomu barabarani, kila mtu analiona, anaingia nyuma ya ukuta, anangoja, anatoka, anakutafuta wewe uliyebaki na kibastola. Kwa hiyo sote tunajua dawa: lirushe. Washa injini za kurukia, tazama juu, bonyeza ulti ukiwa hewani, roboti inaendelea na mwendo ule ule bila wewe. Hiyo video iko kila mahali. Kile ambacho video hazisemi ndicho kilichonikaba koo wiki hizi zote.

Bomu likiwa chini, kuta zinawakinga. Likiwa juu sana, linawaona wote, hakuna wa kujificha, lakini haliumizi. Ile 1000 ni ya katikati tu. Inapungua kadiri unavyokwenda mbali, na ukivuka mita 20 hupati hata mkwaruzo. Nina rekodi ambazo bomu langu limepasuka pazuri mno, angani, katikati kabisa ya kituo, na Ana yuko chini yake amebaki na damu kidogo anajirushia grenedi yake ya kuponya na kuendelea na maisha. Linatakiwa kuwa juu kiasi cha kuchungulia nyuma ya kuta, na chini kiasi cha kuua. Dirisha hilo ni dogo, tena roboti inalipita ikiwa inashuka, haikai.

Nilikuwa nabadilisha kila kitu kwa mpigo. Leo natazama juu zaidi, kesho nabonyeza mapema, keshokutwa naruka kwanza. Ikifaulu sijui kwa nini, ikikataa sijui kwa nini. Kilichofungua njia ni kuganda: pembe moja, muda mmoja wa kubonyeza, basi. Pembe naipima kwa jengo lenyewe. Naweka alama ya shabaha kwenye ukingo wa paa, kisha naiinua mpaka ukingo ufike karibu na chini ya skrini. Kubonyeza ni katikati ya safari ya injini, ambazo hukaa sekunde 2. Kinachobadilika ni mahali pa kusimama tu. Bomu likipasuka juu mno ng'ambo ya paa, nasogea nyuma hatua chache ili lifike pale likiwa limeshashuka zaidi. Likigonga paa na kubaki upande wangu, pia narudi nyuma, lakini hapo kwa kuongeza nafasi ya kupanda. Likiangukia barabarani mapema, nasogea mbele. Ghafla ikawa ni suala la miguu, na miguu naiweza.

Kuna jambo jingine nililoliona kwenye marudio nikitazama kwa jicho la adui. Wakisikia "Nerf this!", ule ukelele wa D.Va anapoachia bomu, hawakimbii mara moja. Kwanza wanageuza kamera kutafuta roboti iko wapi, maana bila kujua iliko hujui ukae upande gani wa ukuta. Cassidy wa jana aligeuka kushoto, akageuka kulia, akachagua ukuta wa hoteli, akajiegemeza upande ule ule ambao bomu lilikuwa linashukia. Sekunde zote 3 alizitumia kutafuta. Kwa hiyo paa linafanya kazi mbili, na ile ya kuficha naona ni kubwa kuliko ile ya kurefusha safari.

Kuhusu vifaa, mambo mawili. Ulti nimeihamisha kutoka Q kwenda kitufe cha pembeni cha mausi. Kidole kikitoka A kwenda Q katikati ya kuruka, roboti inapinda kidogo, na kupinda kidogo kwa umbali ule ni kukosa jengo zima. Wanaotumia padi hawana tatizo hili, ila wana mengine, sitaingia huko. Pili, OBS, programu ya kurekodi skrini. Kwenye kompyuta yenye kadi ya zamani kama yangu inakula fremu hadi gemu linakuwa kama picha za mnato. Marudio ya ndani ya gemu ni bora mara kumi, yana kamera huru, unapunguza mwendo, unasimamisha pale pale linapopasuka. Lakini kila wakitoa sasisho yanafutika! Nilikuwa nimehifadhi mabomu mazuri kwa ajili ya kupima, nikaamka nikakuta orodha nyeupe. Sasa narekodi yale ya maana tu, kwa simu, mbele ya skrini. Ndiyo, kwa simu. Yanaonekana.

Mazoezi nafanyia kwenye mechi maalumu, kasi ya kujaza ulti nimeipandisha mpaka mwisho, maadui wa kompyuta wamesimama kituoni. Uwanja wa mazoezi wa kawaida hauna paa za kutosha.

Mpango ulikuwa nikimaliza King's Row nihamie Eichenwalde, kisha Ilios, nitengeneze daftari la sehemu za kusimama kwa kila ramani. Daftari lina ukurasa mmoja na sioni likipata wa pili karibuni, kwa sababu binamu yangu anayecheza Mei ameniharibu akili. Ukuta wa barafu wa Mei huinua kilichosimama juu yake. Sasa fikiria sehemu ya mwisho ya King's Row, kule chini ya ardhi, ambako dari ni dari na hakuna anga la kurushia chochote. Bomu naliacha sakafuni nyuma ya kontena, wao wanajificha upande wa pili wakijua wako salama, halafu barafu inalinyanyua likachungulie.

Mpaka sasa tunachokipata ni matusi. Akichelewa kidogo, bomu linapasuka chini. Akiwahi, wanaliona limepanda na wanahama. Wakati mwingine ukuta unaota mbele ya roboti badala ya chini yake, tunakuwa tumewakinga maadui kwa barafu yetu wenyewe. Yeye anasema nihesabu kwa sauti, mimi nasema atazame taa za roboti aache kunisikiliza, kwa sababu sauti zetu nazo zinachelewa kufika. Ijumaa anakuja na kompyuta yake hapa, tukae meza moja.