Nilivyoiona RNA mbovu ambayo seli ya mmea huiteketeza mapema

Nilipoanza kuchunguza namna seli za mimea zinavyokagua RNA zao, yaani nakala za maagizo ya jeni, na kuteketeza zenye kasoro, mhadhiri mmoja aliniambia nisipoteze muda, kwa kuwa RNA niliyoitafuta haikuonekana kwenye jeli, ile inayotenganisha vipande kwa urefu na kuvionyesha kama mistari, virefu vikibaki juu, na kwa hiyo, kwa maoni yake, haikuwapo. Wengine walinihimiza ninunue vifaa ghali zaidi. Ushauri huo uliniudhi na bado unaniudhi, kwa sababu kutafuta RNA mbovu katika seli yenye afya ni sawa na kutafuta takataka uani baada ya mfagiaji kupita.

Nilikuwa nikishughulikia jeni ya GRP7 katika arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii moja na sukuma wiki. Protini ya jeni hiyo inapozidi, hujishika kwenye RNA yake yenyewe, ukataji unaoondoa vipande visivyohitajika ukahamia mahali pengine, na nusu ya intoni, kipande ambacho kingepaswa kuondolewa chote, ikabaki ndani. Kipande hicho huleta alama ya kukomesha usomaji kabla ya wakati wake. Ribosomu, mtambo wa seli unaosoma RNA na kuunda protini, husimama njiani, UPF1, protini ya ukaguzi, na wenzake huitambua kasoro, na RNA yote huvunjwavunjwa upesi.

Hapo ndipo nilipotumia ujanja ninaojivunia hadi leo. Ukaguzi huu hutegemea usomaji, na ribosomu isiposoma, kasoro haigunduliwi. Basi nikaloweka miche katika mmumunyo wa sikloheksimidi, sumu inayozisimamisha ribosomu, na mingine ya umri uleule katika mmumunyo wenye kiyeyushi chake peke yake. Nilivuna jioni, kwa sababu jeni hii hufuata saa ya ndani ya mmea na RNA yake hufikia kilele mchana unapokwisha. Joto la Kisumu nusura liniharibie kazi, kwani arabidopsisi hupenda nyuzi 22 hivi, na umeme wa kiyoyozi ulinigharimu kuliko kemikali zote.

Baada ya kunakili RNA kuwa DNA na kuipitisha kwenye jeli, miche isiyotiwa sumu ilionyesha mstari mmoja mzito. Ile iliyolowekwa ilionyesha mstari huohuo na, juu yake kidogo, mwingine mwembamba lakini dhahiri, wenye urefu uleule niliokuwa nimeukokotoa kwa kalamu. Nilisimama mbele ya taa ya urujuanimno nikitetemeka kwa furaha.

Mhadhiri aliuliza kama mstari ule haukuwa wa DNA ya mmea wenyewe iliyoponyoka usafishaji, na swali hilo lilikuwa la haki. DNA, hata hivyo, ingebeba intoni nzima na mstari wake ungekuwa juu zaidi. Tena sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kunakili RNA kuwa DNA haikuonyesha chochote. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasianze na RNA iliyobaki na intoni nzima, kwani urefu wake hulingana na wa DNA, na katika mimea, RNA nyingi za aina hiyo hubaki ndani ya kiini cha seli, ambako ribosomu hazizisomi na sumu hii haizibadilishi.

Sikloheksimidi ni hatari kwa binadamu pia, kwa hiyo glavu ni lazima. Isitoshe, huzuia uundaji wa protini zote, na mtu anaweza kudai kwamba mstari mpya umetokana na mvurugo huo tu. Pingamizi hilo nililijibu kwa miche ambayo jeni yake ya UPF1 ina hitilafu: humo mstari ulijitokeza bila tone la sumu.