Gari Lisilopiga Stata: Jinsi Nilivyoufuata Umeme Hadi Kwenye Waya wa Ethi

Gari linapogoma kuwaka, jambo la kwanza ninalotaka kulijua ni limegoma namna gani, kwa sababu injini inayozunguka bila kushika na injini isiyozunguka kabisa ni matatizo mawili tofauti. Ikiwa inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, betri na stata (mota inayoizungusha injini ili iwake) huwa havina kosa, na uchunguzi unahamia kwenye mafuta, moto wa plagi au ufunguo usiotambuliwa na kompyuta ya gari. Langu, gari dogo la petroli lenye gia za otomatiki, halikuzunguka hata kidogo: kila nilipogeuza ufunguo ilisikika "tak" moja nzito chini ya boneti, kisha kimya.

Mlio huo nao una maana yake. Ungekuwa "tatatata" wa haraka, ningeishuku betri, kwani swichi ya stata huvuta, umeme ukaporomoka, ikaachia, halafu ikavuta tena. "Tak" moja huonyesha kwamba amri ya ufunguo imefika na swichi imevuta, ila umeme mkubwa unaohitajika kuzungusha injini haupiti. Nilijaribu pia kuwasha gia ikiwa N badala ya P, kwa kuwa swichi ya usalama ya gia huweza kuzuia stata, lakini hali haikubadilika.

Hapo nikawasha taa kubwa na kumwomba jirani ageuze ufunguo huku mimi nikizitazama. Hazikufifia. Stata inayofanya kazi hula umeme mwingi kiasi kwamba taa lazima zipungue mwanga, na betri iliyochoka huziacha zikaribie kuzimika. Zikibaki vilevile, umeme umekatikia njiani.

Fundi wa mtaani aliyepita alisikiliza na kuamua papo hapo: "Kaka, stata imekufa hii, tuishushe tufunge nyingine." Kauli yake haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu shaba za ndani ya swichi ya stata zikilika hutoa dalili hizohizo. Nikamjibu, "Fundi, ngoja kwanza tupime, tukikuta njia ni nzima tutaishusha."

Mita ya kidijitali ilionyesha volti 12.5 kwenye betri gari likiwa limezimwa. Betri iliyojaa husoma takribani 12.6, na ikifika 12.2 imebaki karibu nusu, hivyo hii ilikuwa imeshiba. Hata hivyo, kipimo cha betri iliyotulia hakitoshi, na ningependa kila mwenye gari alielewe hili: waya uliobakiwa na nyuzi chache hupitisha umeme wa kuwasha redio bila shida, lakini hauwezi kuhimili mzigo wa stata. Kwa hiyo pima wakati ufunguo umegeuzwa. Niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Stata inapopigwa, tofauti kati ya sehemu hizo mbili haipaswi kuzidi nusu volti. Mita ilipanda ikapita volti 6, maana yake nusu ya nguvu ya betri ilikuwa ikipotelea kwenye waya wa ethi, yaani waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, badala ya kuifikia stata.

Ili kuhakikisha, tuliweka breki ya mkono na gia ikiwa P, nikachukua waya mmoja wa kubusti, nikaubana upande mmoja kwenye nguzo hasi na upande wa pili kwenye chuma cha injini. Jirani akageuza ufunguo, na gari likawaka mara moja.

Waya wenyewe ulishuka chini ya betri hadi kwenye giaboksi. Kwa nje ulionekana mzima, isipokuwa plastiki yake ilikuwa imevimba karibu na boliti. Nilipoichana kwa kisu, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki zilikatika kwa kuguswa tu. Naishi Tanga, karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi huingia hata mahali pasipofikika kwa jicho.

Tulifungua nguzo hasi kwa spana namba 10, tukafunga waya mpya wenye unene uleule, na fundi akapiga msasa sehemu ya giaboksi hadi chuma kikang'aa, kisha akapaka grisi juu ya boliti iliyokazwa ili unyevu usipenye. Nguzo hasi ilirudishwa mwisho, baada ya kila kitu kukaa sawa. Nilirudia kipimo kilekile: stata ilipopigwa tofauti haikufika volti 0.2, na injini ikiunguruma betri ilisoma 14.2, ishara kwamba alternata nayo inachaji ipasavyo. Stata ile ya zamani haikushushwa.