Faili za printa kwenye AS/400: ninavyozitunza zisipoteze vipimo

Faili ya printa kwenye AS/400, mfumo wa kompyuta wa IBM ambao leo unaitwa IBM i, ni maelezo ya jinsi programu inavyochapa. Ina pande mbili, na karibu kila tatizo nililolishughulikia lilitokana na kusahau upande mmoja. Upande wa kwanza ni mpangilio: jina la mteja likae mstari gani, kiasi cha fedha kianzie safu ya ngapi. Huo umeandikwa kwenye chanzo kwa DDS, lugha ya kueleza mpangilio wa faili. Upande wa pili ni sifa: urefu wa ukurasa, mistari kwa inchi, herufi kwa inchi, foleni, aina ya fomu. Sifa hizi kwa kawaida hukaa kwenye faili yenyewe, si kwenye chanzo.

Kwa hiyo sigusi kitu kabla ya DSPFD, amri inayoonyesha maelezo ya faili. Naandika amri hiyo, nabonyeza F4, najaza jina la faili na la maktaba inamokaa, kisha nachapa matokeo ili nibaki na hali ya mwanzo kwenye karatasi. Asiyekumbuka amri aandike GO CMDPRTF, atapata menyu ya amri za faili za printa. Baada ya hapo natoa nakala kwa CRTDUPOBJ kwenda maktaba ya majaribio, naiweka maktaba hiyo mwanzoni mwa orodha ya maktaba ambamo mfumo hutafuta, kwa ADDLIBLE. Programu itaikuta nakala kwanza, ilimradi haijafungiwa jina la maktaba.

Mfano ninaokutana nao zaidi ni stakabadhi: karatasi za mfululizo zenye vitobo pembeni, kila fomu inchi 5.5. Kwa mistari 6 kwa inchi, hiyo ni mistari 33 kamili. Naiweka kwa CHGPRTF, amri ya kubadili sifa za faili ya printa (LPI ni mistari kwa inchi, CPI ni herufi kwa inchi):

CHGPRTF FILE(UHASIBU/STAKAB) PAGESIZE(33 80) LPI(6) CPI(10) OVRFLW(30)

OVRFLW, yaani mstari ambao ukifikiwa ukurasa unahesabiwa umejaa, ibadilishwe hapo hapo, kwa sababu thamani ya kawaida ni 60 na haiwezi kuzidi urefu wa ukurasa. Urefu ukiachwa 66, fomu moja inachapwa na inayofuata inatoka tupu. Ukiandikwa 34, stakabadhi ya kwanza inatoka safi, ya pili inashuka milimita 4 hivi, na kufikia ya saba maandishi yameshuka inchi nzima. Kiasi cha fedha kimelala juu ya mstari wa sahihi. Hapo mtu hukimbilia kusogeza karatasi kwenye printa, na baada ya fomu chache kosa linarudi. Mimi hupanga fomu kumi mezani kwa mfuatano nizitazame. Maandishi yakiwa yamekosea kwa kiasi kile kile kwenye zote, karatasi imewekwa vibaya. Kosa likikua fomu hadi fomu, urefu wa ukurasa ndio mbaya, ama kwenye faili ama kwenye mipangilio ya printa yenyewe. Kagua kote kuwili.

Kwa ripoti za safu 132 kwenye A4 iliyosimama, hesabu ni ya upana. Kwa CPI 15 unahitaji inchi 8.8, na A4 ina 8.27 tu, hivyo safu za mwisho zinakatwa. CPI 16.7 inachukua inchi 7.9, inaingia.

Sasa kosa linaloumiza zaidi. Mtu anarekebisha neno moja kwenye DDS, anarudi PDM, skrini ya kusimamia vyanzo, anachagua 14 (kompaili), anabonyeza Enter. Faili inaundwa upya, na sifa zote zilizowekwa kwa CHGPRTF zinarudi za kawaida: mistari 66, safu 132, OVRFLW 60. Mpangilio ni sahihi, lakini kesho yake stakabadhi zinatoka moja ndiyo moja hapana. Dawa yangu ni programu fupi ya CL, lugha ya amri za mfumo huu, kwa kila faili, yenye amri moja tu ya CRTPRTF, ya kuunda faili ya printa, na sifa zake zote zimeandikwa wazi. Nikitaka kuunda upya, naita hiyo, siitumii 14. Na ukiongeza sehemu ya data (field) kwenye DDS au kubadili urefu wake, kompaili tena na programu inayoitumia faili hiyo, la sivyo itasimama kwa CPF4131, kosa la kusema faili na programu havilingani.

Kazi iliyokwisha kuingia kwenye foleni haibadiliki kwa CHGPRTF. Nimeona watu wakiachilia ile ile ya zamani kwenye WRKSPLF, skrini ya kazi zinazosubiri kuchapwa, mara tatu na kusema marekebisho hayafanyi kazi. Endesha programu upya, fungua kazi mpya kwa chaguo 8 (sifa), soma urefu wa ukurasa hapo kabla ya kupoteza karatasi.

Mabadiliko ya siku moja nayaweka kwa OVRPRTF, amri inayobadili sifa kwa muda tu, faili nisiiguse. Lakini amri hiyo ukiiandika kwenye skrini yako, kazi unayoituma iendeshwe kando kwa SBMJOB haiirithi. Iandike ndani ya CL inayotumwa, kabla ya mstari wa CALL.