Nilivyofuga vunjajungu ndani ya kibanda changu cha ushonaji

Nianze na kilichoniudhi, maana ndicho kilichonifanya nikae niandike. Ilipojulikana mtaani kwetu hapa Morogoro kwamba nafuga vunjajungu, kila aliyepita kuchukua nguo yake aliniachia ushauri. Mmoja akasema nimpe nyama ya kusaga. Kijana mmoja msomi akasisitiza kwamba bila balbu ya kumpasha joto atakufa, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya Ulaya. Shangazi yangu alitaka nimtoe nje siku ileile, kwani aliyemgusa vunjajungu, kwa imani ya wazee wetu, huvunja chombo cha kwanza atakachoshika. Na dada mmoja, mtu mwema sana, alinipa ushauri ambao ungewaua wote. Huo nitaufikia.

Hakuna aliyenigusia jambo lenye uzito kuliko yote, yaani nafasi ya kuning'inia. Vunjajungu hukua kwa kujivua ngozi. Huyu wetu mkubwa wa kijani, wa jenasi ya Sphodromantis, hujivua mara saba, nane, hata zaidi ya hapo kabla ya kupata mabawa. Kila mara hushika juu kwa miguu, kichwa kikiwa chini, ngozi inapasuka mgongoni, naye anateremka kutoka ndani yake akiwa laini kabisa. Akigusa sakafu kabla hajamaliza, miguu inapinda na inakauka hivyohivyo. Ndiyo maana chombo kinatakiwa kiwe na kimo cha angalau mara tatu ya urefu wa mdudu mwenyewe, na upana wa mara mbili. Jike aliyekomaa anafika sentimita 8 au zaidi, kwa hiyo piga hesabu mapema. Vunjajungu wengi wanaofia mikononi mwa watu hawafi kwa njaa. Wanafia kwenye vikopo vifupi vyenye vifuniko laini ambavyo mguu hauwezi kushika.

Mimi nilitumia chupa kubwa za maji ya kunywa, zile za lita 6, ambazo wapangaji huzitupa. Unaikata shingo, basi. Juu nikataka kitambaa cha matundu kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya kushika. Hapo ndipo yule dada akaniletea chandarua chake kikuukuu, tayari amekifua na kukikunja. Nilimshukuru nikakiweka kando, kwa sababu nimewahi kusaidia kugawa vyandarua mtaani na najua kilichomo. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki vina dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo haikupakwa juujuu. Vyandarua vya Olyset, kwa mfano, ambavyo vimetengenezwa Arusha kwa miaka mingi, dawa yake ya permethrini huchanganywa kwenye plastiki kabla nyuzi hazijavutwa, ili ikidhi kipimo cha kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3. Kilitengenezwa kiue wadudu wanaokigusa, na vunjajungu ni mdudu. Tunutu, yaani mtoto wa vunjajungu asiye na mabawa bado, wa siku moja akitembea juu yake hafiki jioni. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu kila nyumba ina chandarua kikuukuu, na ndicho mkono unachokikimbilia kwanza.

Mimi nina mabaki ya neti ya shela za maharusi. Haina dawa, inashikika vizuri kwa kucha zao, na bei yake sokoni ni ndogo, elfu chache kwa mita, nayo mita moja inafunika chupa nyingi. Tatizo la neti ya shela ni kwamba matundu yake yanapitisha nzi wadogo wa matunda, ambao ndio chakula cha tunutu. Nililala nikilifikiria hilo. Asubuhi nikakata vipande viwili, cha pili nikakigeuza mshazari juu ya cha kwanza, nikavishona pamoja pembezoni. Nyuzi za kimoja zikakatiza katikati ya matundu ya kingine, na hakuna nzi aliyepita tena. Ukingoni nikapitisha lastiki ya kiunoni, ikaikamata chupa vizuri hata ukiipindua.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo najivunia. Kila ukifunua juu ili utie chakula, nzi wanatoka wote, na yule aliyening'inia kwenye neti unamtikisa. Nikatoboa tundu ubavuni mwa chupa, la kutosha mkono wangu, nikalizungushia mkono wa blauzi ya mtoto niliokuwa nimeukosea kipimo mteja alipobadilisha mtindo. Upande mmoja nimeubandika kwa gundi kwenye plastiki, upande wa pili una lastiki. Ukiingiza mkono, lastiki inakukaba kifundoni. Ukiutoa, unasokota kitambaa na kukifunga fundo. Juu hapaguswi kabisa. Tangu siku hiyo sijawahi kumwangusha aliyekuwa anajivua, na wateja wangu huuliza kwanza habari za chupa zenye mikono kabla ya kuuliza nguo zao.

Sasa kuhusu kuwapata. Unaweza kumchukua tunutu kwenye majani na kuanza naye, na kwa mgeni ndiyo njia rahisi. Mimi nilitaka tangu mayai. Jike hutaga mayai ndani ya povu ambalo hukauka likawa kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kimeng'ang'ania kwenye kijiti, ukuta au mti wa uzio. Nilipata kimoja kwenye tawi la mpera nyuma ya nyumba. Nikalikata tawi, nikalining'iniza ndani ya chupa kama lilivyokuwa mtini, kifuko hakikugusa kitu. Nikawa nakipulizia unyevu kidogo na kukichungulia kila nikifungua kibanda. Majuma yakapita.

Asubuhi moja nikakuta chupa ina uhai. Vidudu vidogo, vingi, vinazunguka kwenye neti. Nikaita watoto wa jirani waje waone. Tulipoinama karibu, nikaona vina mabawa, na tunutu wa vunjajungu hawazaliwi na mabawa. Miili yao ilikuwa inang'aa kijani cha chuma, mapaja ya nyuma yamevimba, na majike wana sindano nyuma ndefu kuliko hata kiwiliwili. Nilishika miwani yangu ya kazi nikawatazama muda mrefu. Walikuwa nyigu. Jenasi yao ni Podagrion, na maisha yao yote yamefungwa kwenye mayai ya vunjajungu. Jike hutoboa kifuko kwa ile sindano, anataga humo, na mabuu yake yanakula mayai. Kifuko changu kilikuwa kimeliwa ndani kwa ndani muda wote nilipokuwa nakipulizia maji. Ubavuni kikabaki na vitundu vya mviringo, safi, kama vilivyotobolewa na pini.

Niliumia, lakini nilijifunza kukisoma kifuko. Tunutu hutokea katikati, kwenye mstari unaopita juu ya kifuko kwa urefu, wala hawaachi vitundu ubavuni. Ukiona vitundu vya mviringo pembeni, nyigu wameshatoka, kiache hapohapo. Visivyo na vitundu navyo huwezi kuvijua kwa macho, kwa hiyo siku hizi nakusanya zaidi ya kimoja, kutoka sehemu tofauti, na kila kimoja nakiweka kwenye chupa yake ili nyigu wa huyu wasihamie kwa yule.

Kifuko kilichofuata kiliangua kweli. Waliteremka asubuhi, wote kwa mkupuo, wakining'inia kwenye vinyuzi vyembamba kama shanga, wakajivua mara ya kwanza palepale kisha wakatawanyika. Kifuko kimoja kinaweza kutoa zaidi ya mia. Usijidanganye kwamba utawalea wote. Baki na wachache unaoweza kuwalisha, wengine waachie kwenye majani ya bustani, watakulia huko na mboga zako zitapungukiwa wadudu. Wale unaobaki nao wanaweza kukaa pamoja siku za mwanzo chakula kikiwa kingi, baada ya hapo kila mmoja na chupa yake. Wanakulana.

Chakula cha wadogo ni nzi wa matunda. Ndizi iliyoiva kupita kiasi ndani ya chupa, iache wazi siku mbili watage, kisha ifunike kwa neti. Kwa joto letu, baada ya siku kumi hivi una kizazi kipya. Anzisha chupa nyingine kila wiki, na ya kwanza ianze kabla kifuko hakijaangua. Wakikua wanahamia kwa nzi wakubwa, nondo, panzi wadogo, nyenje. Nondo nawapata bure kwenye taa ya nje. Mende pia wanaliwa, ila wasitoke kwenye jiko linalopuliziwa dawa.

Na ile nyama ya kusaga? Vunjajungu hukamata kinachotembea. Macho yake yanapima umbali, na hili halibishaniwi tena: watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwabandika vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha picha za mdudu zenye kina, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba waliirukia picha ile pale tu ilipoonekana iko karibu. Vunjajungu waliotumika walikuwa Sphodromantis lineola, ndugu wa hawa wa kwetu wa Afrika. Nilifurahi sana kusoma hilo, miwani ikivishwa mdudu wa jamii ya wangu. Kwa hiyo kitu kilicholala kwenye kisosi kwake si chakula. Nikikosa mdudu hai, namfunga nzi aliyekufa kwenye uzi wa cherehani namchezesha mbele yake kwa mbali. Anageuza kichwa, anaupima, halafu anapiga. Kile kidoa cheusi unachoona kikikufuata ndani ya jicho lake si mboni, ni jinsi mwanga unavyoingia kwenye jicho la vipande vingi. Watoto wanaapa kwamba anawatazama wao, na mara nyingi ni kweli, maana kichwa chenyewe pia anakigeuza.

Balbu sikununua. Hapa joto la nyuzi 25 hadi 30 linapatikana bila senti. Balbu ni za watu wenye baridi kali. Mimi usiku wa Juni na Julai naziondoa tu chupa karibu na dirisha. Pesa ya balbu nunua neti.

Maji hawanywi kwenye chombo. Nachukua chupa ile ninayopulizia nguo wakati wa kupiga pasi, napuliza ukungu mwepesi kwenye neti na ubavuni, wanainywa matone. Kwa wadogo matone yawe madogo kweli, kubwa linawanasa. Usipulize chupa ikiwa bado imeloa, ukungu wa kuoza utaingia.

Kibandani kwangu dawa ya mbu ya kuwasha imepigwa marufuku, na ya kupuliza vilevile. Wateja wa jioni wananivumilia. Nimewaeleza sababu na wengi wamenielewa.

Jambo gumu kuliko yote ni kumwacha. Akikataa kula, tumbo limejaa na amening'inia kimya, anakaribia kujivua. Toa kila mdudu aliye hai ndani ya chupa, maana nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna vunjajungu laini. Usimguse, usimhamishe, usimlishe mpaka kesho yake au keshokutwa. Wengi wakiona hataki kula wanadhani anaumwa, wanaanza kumsukuma, na hapo ndipo anapoanguka. Tunutu akipoteza mguu unaweza kuota tena kidogo kidogo anapojivua. Wa aliyekomaa hauoti tena.

Jike wangu wa kwanza alijivua mara ya mwisho saa nne asubuhi, mteja akisubiri gauni la send-off. Nilisimamisha cherehani ili meza isitikisike. Mteja alianza kununa, kisha akasogeza kiti. Vunjajungu alitoka ndani ya ngozi, akapumzika kwa muda, akajigeuza akaishika, na mabawa yakiwa mafundo mawili yaliyosinyaa mgongoni. Yakaanza kujaa. Tulikaa kimya tukayaona yanashuka, yananyooka, yanakuwa marefu, mpaka yakafunika tumbo lote, meupe ya kijani, na doa jeupe likabaki katikati ya kila bawa la mbele. Gauni lilichelewa na yule mama hakulalamika. Amekuja kuomba tunutu wake.

Ukitaka kujua dume na jike, geuza chupa uhesabu pingili za tumbo kwa chini: jike sita, dume nane. Dume ni mwembamba na maisha yake ni mafupi. Ukitaka wazaane, subiri majuma mawili au matatu baada ya jike kupata mabawa, mshibishe vizuri, mwache aendelee kula, kisha mwingize dume kutokea nyuma yake, chombo kikiwa kikubwa. Hata hivyo dume huliwa wakati mwingine. Jike asiyepandwa naye hutaga vifuko, ila vyake havianguliwi, usivisubiri.

Wapo vunjajungu wazuri zaidi kwa sura. Yupo anayefanana na jani lililokauka, Phyllocrania paradoxa, na yupo wa maua mwenye duara la jicho kwenye mabawa, Pseudocreobotra wahlbergii, wote wa Afrika yetu. Nawatamani. Lakini kwa anayeanza nasema achukue huyu wa kijani: ana nguvu, anakula kila kitu, anakaa mkononi bila kukimbia, na hana sumu. Akikubana kwa mikono yake yenye miiba utasikia, ngoja tu, ataachia.

Jike wangu ameshataga vifuko kadhaa kwenye kijiti. Nimevigawa chupa tofauti, na chupa za ndizi zimeanza.