Mguu wa kushoto

Kuna watu hofu huwaingia tumboni, wengine huumwa kichwa, mie yangu ilishukia kwenye mguu wa kushoto, ule wa klachi, tena siku ya mtihani wa gari, juu ya kimlima cha kuingilia Chake, huku kwetu Pemba, afande yupo pembeni yangu na nyuma daladala ya 606 imejaa watu wanaotoka Wete.

Naandika hii kwa sababu wifi yangu keshaanza kujifunza na kila siku ananitumia voisi noti usiku, "nitafanyaje na mie naogopa", basi badala ya kumjibu kila siku naona niyamalize hapa.

Kwa asiyeijua Pemba nianze na hili. Unguja ni tambarare, unaweza kutoka mjini ukafika Makunduchi usikumbuke hata mlima mmoja, lakini huku kwetu barabara ni kupanda na kushuka, kona juu ya kona, na Chake wenyewe ni mji uliokaa juu ya vilima. Kwa hiyo ukijifunza gari ya gia huku, kitu cha kwanza kukutoa jasho ni kuondoka mlimani. Gari imesimama inatizama juu, handbreki umevuta, umetia gia ya kwanza, unanyanyua klachi pole pole mpaka usikie injini imebadilika sauti na pua ya gari inainuka kidogo hivi kama mtu anayetaka kusema neno, hapo unaongeza mafuta na kuachia handbreki. Ukiwahi, inazima. Ukikanyaga klachi tena kwa woga, unarudi nyuma. Pale katikati ndio hafu klachi, na hafu klachi haitaki mguu unaotetemeka.

Na mie kwenye mazoezi nilikuwa naweza! Ndio kinachoniuma mpaka leo. Mwalimu wangu mzee wa watu, kofia haimtoki kichwani, alikuwa ananipeleka njia ya Wawi mpaka karibu na uwanja wa ndege, tunarudi, tunapanda kile kimlima mara tatu nne, ananiambia "mwanangu, usinisikilize mie, isikilize injini", naisikiliza, naondoka vizuri. Bati la L mbele alilichora mdogo wangu kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango, L yenyewe imepinda kama jembe, lakini nilikuwa najiona dereva.

Sasa mtihani wa kwanza. Kosa langu la mwanzo nililifanya wiki moja kabla, nilimwambia mama tarehe. Mama akamwambia jirani, jirani ana mdomo (anajijua, tena atacheka akisoma hapa), na asubuhi ya siku yenyewe hata anayepitisha boflo kwa baiskeli aliniuliza "leo ndio leo?" Usiku sikulala. Asubuhi chakula hakikupita, nikanywa vikombe viwili vya chai ya rangi, kavu, imekolea mpaka nyeusi, nikidhani itaniamsha. Iliniamsha kweli, mikono ikaanza kucheza kabla sijatoka nyumbani. Halafu kwa vile nakwenda mbele ya watu nikavaa buibui jipya refu na viatu vya kisigino. Jamani. Kisigino kile nikikanyaga klachi sisikii kitu, kama nakanyaga mto, na pindo la buibui linaniingia chini ya mguu kila nikinyanyua.

Kwenye koni nilipita, sijui vipi. Tukatoka barabarani. Kufika kimlimani afande akasema simama hapa, nikasimama, akasema haya ondoka. Mguu ukaanza. Si kutetemeka kwa kawaida, ulikuwa unakwenda kama sindano ya cherehani, goti linapanda linashuka na mie nalitizama kama si langu. Gari ikazima. Nikawasha. Ikazima. Mara ya tatu nikaachia handbreki kabla ya wakati, tukarudi nyuma, afande akakanyaga breki ya upande wake, ile 606 ikapiga honi na konda akatoa kichwa dirishani, "Dada, tushuke tukusukume?" Gari nzima ikacheka. Afande akageuza uso akawa anatizama migomba, lakini mabega nimeyaona yanacheka.

"Utarudi," akaniambia. Hakusema kwa ubaya.

Keshoye mwalimu alinichukua kimlima kile kile, gari ile ile, nikaondoka mara tano bila kuzima hata mara moja. Nikakaa pale nikajiuliza, sasa tofauti nini? Mlima ni ule. Klachi ni ile. Tofauti ni macho. Mie siogopi gari, naogopa kuangaliwa, na kisiwa chetu hiki macho ndiyo mengi, ukianguka Chake asubuhi, adhuhuri Konde wanajua umeangukia goti gani. Haya, ile haya tunayofunzwa tangu wadogo, inafaa mahali pake lakini kwenye klachi haifai kitu.

Nikamlilia binti ami yangu aliyeko Uingereza, nikidhani atanionea huruma. Akacheka, akaniambia yeye alianguka mara tatu. Akanieleza kule kwao mtihani wa barabarani ni kama dakika 40, na unaruhusiwa makosa madogo mpaka 15, kinachokuangusha ni kosa moja kubwa au la hatari. Gari kuzima mara moja, kama hukumhatarisha mtu, kwa kawaida huandikwa kosa dogo tu. Hata kukosea njia uliyoambiwa upite si kosa, maadamu umekosea kwa usalama. Na aliponambia anguko lake la pili lilikuwaje ndio nikanyamaza, alikosa kitu kidogo dakika ya tano, akamuona mtahini anaandika, akajua keshaanguka, basi akawa anakiwazia kile kitu mpaka akapita mbele ya mtu kwenye zebra. Kumbe lile la mwanzo lilikuwa kosa dogo moja tu. Sheria za kwao ni za kwao, lakini hilo lilinikaa. Mie pia ile gari ilipozima mara ya kwanza nilikuwa sijaanguka, nilianguka kwa sababu niliondosha akili kwenye gari nikaipeleka kwa abiria wa 606.

Kitu kingine. Kila mtu alikuwa ananiambia "tulia". Mwalimu tulia, mume wangu tulia, mama tulia mwanangu tulia. Hivi umewahi kutulia kwa kuambiwa tulia? Nikaja kusoma kuna mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, mwaka 2014 alitoa utafiti, aliwachukua watu akawapa vitu vya kutia hofu, kuimba mbele ya wengine, kuhutubia, hesabu, baadhi wakajiambia wametulia na baadhi wakajiambia wana hamu na hilo jambo, na hawa wa hamu ndio waliofanya vizuri zaidi. Maana moyo ukishaanza kwenda mbio huwezi kuulaza ghafla, lakini moyo wa mwenye hofu na moyo wa mwenye hamu yote inakwenda mbio vile vile, kwa hiyo ni rahisi kuugeuza kuliko kuuzima. Mie nilijaribu nikajiona mwendawazimu, nipo peke yangu jikoni nasema "nina hamu na mlima, nina hamu na mlima". Lakini sikuacha.

Ila kilichonisaidia khasa, nasema wazi, ni shangazi yangu.

Nilimuomba mwalimu siku moja tubebe watu. Akastaajabu. Nikamwambia tatizo langu ni macho, basi tuyapakie macho kwenye gari. Nikamchukua shangazi na jirani yule yule mwenye mdomo na mtoto wake, wakakaa nyuma, tukatoka asubuhi ya mji kuchangamka. Jamani shangazi! Msimu wa karafuu ulikuwa umeshika, majamvi yameanikwa kando ya barabara huku na huku, na yeye kila jamvi tunalopita anapiga kelele, "usinikanyagie karafuu za watu!", na mie nipo mbali nalo kama hatua kumi. Jirani anauliza mbona gari inanuka moto. Mtoto anataka maji. Kufika kimlimani ikanizimikia, bila shaka, nao wakacheka mpaka wakalia machozi, shangazi akasema "hii gari imekukataa kama mchumba wako wa kwanza", na mwalimu, mzee wa watu, nae akacheka. Na mie nikacheka. Nikavuta handbreki, nikawasha, tukaondoka. Hakuna aliyekufa. Tulifanya hivyo safari tatu, ya mwisho shangazi alilala usingizi, na kwangu ile ndio leseni yenyewe, mtu mwenye roho nyepesi kama shangazi kulala nyuma ya gari ninayoendesha mie.

Mara ya pili tarehe aliijua mume wangu tu, na nilimkataza asinitakie kheri wala asiniulize, aombe dua zake kimya kimya. Asubuhi nilikula, muhogo wa kuchemsha na yai, chai ya maziwa kikombe kimoja. Nikavaa raba za soli nyembamba na buibui la zamani, na nilipokaa kwenye kiti nikalikusanya pindo nikalikalia. Dada zangu mnaovaa buibui hili msilidharau, mtu anaweza kudhani anatetemeka kumbe pindo limemnasa.

Kinachochosha siku hiyo ni kusubiri. Pale kwenye benchi kulikuwa na kaka mmoja keshaanguka mara mbili, basi anasimulia, afande fulani mkali, nani alilia, nani aligonga koni zote. Dakika mbili tu nikasikia mguu unaanza kunong'ona. Nikanyanyuka, sikumuaga, nikaenda kusimama chini ya mwembe peke yangu. Nikawa navuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita au saba, maana kutoa ndiko kunakoushusha moyo, ukivuta sana tu bila kutoa unazidi kupata kizunguzungu. Na Rabbi shrahli sadri, ambayo tangu mitihani ya skuli ndio mwenzangu, dua ya Nabii Musa anapelekwa kwa Firauni, anaomba akunjuliwe kifua na arahisishiwe kazi yake. Nikawaza, Firauni! Mie napelekwa kwa afande tu.

Barabarani nilifanya jambo moja jipya, nilikuwa najisemea kwa sauti ndogo kila ninachokiona na ninachokifanya. Kioo. Indiketa. Baiskeli kushoto. Mbuzi. Mbuzi wawili. Gia ya pili. Ukiwa unasema mbuzi huna nafasi ya kuwaza watu watasema nini. Afande akavumilia, mwisho akauliza, "Unazungumza na nani?"

"Na gari, afande."

"Haya."

Kwenye kimlima safari hii sikuambiwa nisimame. Mbele yetu kulikuwa na gari ya ng'ombe imejaa makuti, ng'ombe kagoma katikati ya mlima, na mwenye nae kashuka anambembeleza. Nikasimama. Mguu ukaanza, si uongo, ulianza. Lakini kuna kitu mwalimu alinifunza baada ya lile anguko, kisigino kikae chini sakafuni na klachi uinyanyue kwa kukunjua unyayo, usininginize mguu wote hewani, maana mguu unaoning'inia ndio unaotetemeka zaidi. Nikakibana kisigino. Ng'ombe akakubali. Nikanyanyua, ikazima.

Nikasema kwa sauti, "imezima". Handbreki. Nyutro. Nikawasha. Nyuma kuna honi, sijui ya nani, sikutizama. Gia ya kwanza, injini ikabadilika sauti, pua ikainuka, mafuta, handbreki, tukaondoka. Kona iliyofuata nilitaka kutia indiketa nikawasha waipa, jua kali la saa nne na waipa zinakwenda kwenye kioo kikavu, kwi kwi kwi. Nikazizima. Afande akaandika kitu, nikasema "kona kulia, mtoto wa skuli" nikaendelea. Aliandika sana yule mtu. Tuliporudi akafunga daftari, akanambia mambo mawili, niangalie vioo vya pembeni zaidi, na waipa ni mkono ule mwengine. Halafu akanambia nimepita.

Ndio hivyo wifi. Leseni ninayo tangu mwezi uliopita na juzi nimempeleka mama Wete kwa dada yake, tumekwenda vizuri, tumerudi vizuri, mpaka tulipofika kwenye kile kimlima foleni ikasimama na mguu ukaanza tena mambo yake. Mama akashika mlango, akauliza, "Mwanangu, mbona gari inatetemeka?"

Nikamwambia, "Barabara hii, mama, mbovu."